Meno ya Ipyana

Severina alikuwa mtu wa kunusa kwanza. Ukimkaribisha chai, ataipitisha puani kabla ya kuifikisha mdomoni. Ukimsalimia kwa bashasha, ataitikia vizuri tu, halafu njia nzima atajiuliza leo umemchangamkia kwa sababu gani wakati juzi ulimpita kimya. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Aliolewa mbali na kwao Nyololo, akaletwa huku Rujewa kwenye joto la Usangu, mume akafariki binti yao Anjela akiwa bado ananyonya, na ndugu wa mume wakagawana hata masufuria huku wakimlilia marehemu. Mtu aliyewahi kuona watu wanalia na kubeba masufuria kwa wakati mmoja, usimlaumu akinusa chai.

Kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya mzee Kalinga. Alikuwa mtu wa mizani. Mpunga ukishushwa kutoka kwenye pikipiki, toroli au lori, yeye anapima, anamwita mwenyewe aone, anaelekeza gunia likae foleni ipi. Alianza kazi hiyo mahali pale pakiwa banda la mabati lenye injini moja ya kukohoa. Sasa banda limekuwa godauni na Anjela yuko chuo cha ualimu Iringa. Miaka yote hiyo Severina alijua kupima, basi. Hakuna aliyemwambia ajue kingine, na yeye hakuona sababu.

Ndipo akaja Ipyana.

Alikuwa Mnyakyusa wa Mbeya, umri wa miaka thelathini hivi, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kucheka kabla ya kujibu. Angetoka kwao moja kwa moja, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa amepitia Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, na Severina, kama wengi pale mashineni, aliamini kwamba mtu harudi kutoka Chunya mikono mitupu. Asiporudi na dhahabu, amerudi na dawa. Ipyana hakuwa na dhahabu.

Aliwekwa kwenye mashine yenyewe, kumimina mpunga juu na kuangalia mchele unavyotoka chini. Na tangu wiki ya kwanza alikuwa na jambo lake. Asubuhi, injini ikiwa bado haijawashwa, anapita kwenye magunia yaliyolala foleni, analegeza kamba, anachota punje chache. Moja anaiweka katikati ya meno, anafumba macho, anaing'ata taratibu. Ananong'ona neno kwa Kinyakyusa. Punje zilizobaki anazitia kwenye mfuko wa shati, anahamia gunia la pili. Mchele wa gunia lile ukianza kutoka, anauchota kiganjani, anazitoa punje zake mfukoni, anatazama huku na huku, kisha anatikisa kichwa au anacheka peke yake. Halafu, siku zilivyokwenda, hata kufunga gunia akawa hafungi. Analiacha mdomo wazi, ili dawa ipate njia, alivyoona Severina.

Hakukosa siku hata moja, na hilo ndilo lililomtisha Severina kuliko yote. Mtu anayefanya jambo mara mojamoja ni mtu tu. Anayelifanya kila siku, mvua inyeshe, mafua yambane, huyo ameagizwa.

"Ipyana," alimwuliza siku moja, "unatafuta nini kwenye mpunga wa watu?"

"Najifunza tu, mama."

"Unajifunza? Nani anakufundisha?"

Ipyana akacheka kwanza, kama kawaida yake. "Meno," alisema. "Meno yenyewe ndiyo yananifundisha. Kidogo kidogo mama, kila siku. Mwisho yatajua yenyewe."

Severina alirudi kwenye mizani yake mwili umemsisimka. Meno yatajua yenyewe! Mtu mzima mwenye akili zake anakwambia amefundishwa na meno, na wewe unataka umwelewe vipi?

Neno likamjia pale pale: chuma ulete. Kila mtu wa biashara analijua na kuliogopa. Mwenye dawa hiyo anachukua kidogo cha kwako, hata kama ni chenji tu, na kile kingi kilichobaki kinakifuata kidogo chake usiku na mchana mpaka unabaki unashika tama. Sasa huyu anachukua punje kila gunia. Punje zinalala mfukoni, upande wa moyo. Jioni anaondoka nazo. Kila kitu kilikaa mahali pake. Severina akanunua chumvi ya mawe, akaifunga kwenye kitambaa, akaichomeka chini ya mizani.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Mzee Kalinga alikuwa anajenga mashine ya pili kule kwenye barabara kuu, ya kisasa, ile inayochambua mchele kwa madaraja, na alishasema msimamizi wake atatoka miongoni mwao. Severina aliitaka nafasi hiyo tangu msingi unachimbwa. Aliiota. Alikitaka kile kiti cha msimamizi, maana miguu yake ilikuwa inavimba kwa kusimama, na alitaka wale shemeji zake wa masufuria waje siku moja na mpunga wao wamkute amekikalia. Kisha akamwona mzee Kalinga amesimama na Ipyana pale mchele unapotokea, anacheka, anampigapiga begani. Kwa nini anampigapiga? Bega la Severina miaka yote lilikuwa wapi?

Akaamua kuupata ushahidi. Bibi yake kule Nyololo alikuwa akisema dawa haiwezi kuudanganya ulimi, lazima utasikia uchungu au ganzi. Basi kila Ipyana alipoliacha gunia, Severina alijisogeza, akajifanya anaweka sawa kamba, akachota punje pale pale mkono wa yule bwana ulipopita. Ananusa. Anajipiga ishara ya msalaba, ndogo, ya haraka. Kisha anang'ata.

Hakusikia uchungu. Hakusikia ganzi. "Leo amepunguza dozi," alijiambia, na kesho yake akarudi. Na kwa kuwa Ipyana hakuruka siku, yeye naye angeruka vipi? Siku atakayoruka ndiyo hiyo hiyo dawa itawekwa. Msimu ukaisha, mashine ikapoa, msimu mwingine ukaanza, na Severina bado anang'ata na kutema, anang'ata na kutema, hasira ikiwa mbichi vilevile.

Ilikuwa katika msimu huo wa pili. Aling'ata punje, na kabla hajafikiri lolote, kichwa kikamwambia: huu bado una maji. Punje ilikuwa imelala bapa menoni badala ya kukatika. Siku iliyofuata punje nyingine ilikatika ka!, safi, vipande viwili, na kichwa kikasema: huu mchele wake utatoka mzima. Ukatoka mzima. Wazo lililomjia Severina lilikuwa hili, wala msimcheke: dawa imeniingia. Mpunga unasema nami.

Alirudi nyumbani akasukutua kwa maji ya chumvi mpaka ufizi ukawasha. Jumapili alikaa benchi la mbele, na baada ya misa akaomba maji ya baraka, akayanywa funda zima mbele ya padri, ambaye alishangaa lakini hakuuliza. Jumatatu mpunga ukaendelea kusema. Anjela alipokuja likizo alimkuta jikoni amesimama mbele ya ungo, ametulia kama anayesikiliza redio.

"Mama, mbona unatafuna mchele mbichi?"

"Nani anatafuna?" alijibu Severina, na punje iko mdomoni.

Sasa ikaja siku ya Esnath. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mchele, shoga yake Severina wa siku nyingi, mama wa kelele na kicheko kikubwa. Alikuwa ameuanika mpunga wake kwenye turubai, jua likiwa kali, akaitwa msibani Chimala akausahau. Alipouleta mashineni, Ipyana aling'ata punje, akafumba macho, halafu akamwendea kwa adabu.

"Mama, huu umepita jua. Tukiukoboa leo utatoka chenga tupu. Uache kivulini kwanza, siku mbili tatu, upumzike."

Esnath akageukia mizani. "Shoga, huyu anasemaje?"

Severina alikuwa amekwisha kung'ata. Punje ilikuwa imesambaratika mdomoni mwake vipande vidogo vidogo, kama ganda la yai. Alijua. Lakini kusema "ni kweli" ilikuwa kukiri kwamba yeye na mtu wa Chunya wanasikia sauti moja.

"Wewe koboa," alisema. "Mali ni yako." Kisha akamwinamia sikioni. "Na huyo umwangalie. Umeona alichotia mfukoni?"

Mpunga ukakobolewa, zikatoka chenga za kulisha kuku. Esnath alishika kichwa, akapiga kelele, akamtukana Ipyana mpaka na kwao. Severina hakuhitaji kuongeza neno. Kabla ya Jumapili, Rujewa nzima ilikuwa inajua kwamba pale kwa Kalinga kuna chuma ulete, na wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda mashine ya ng'ambo. Ipyana alipopita sokoni, kina mama walifunika mabeseni yao kwa khanga. Bado kila asubuhi aling'ata punje zake, ila kucheka aliacha.

Mzee Kalinga alimwita Severina ofisini. Alikuwa Mhehe wa Iringa, mkavu, mtu wa maneno machache. Dirisha lilikuwa wazi, na nje Ipyana alisikika anafagia pumba.

"Kamwene, mama Anjela. Kaa," alisema mzee, akimsalimia kwa Kihehe. "Nasikia maneno, na maneno yanaondoa wateja. Wewe uko hapa siku zote. Nieleze ulichokiona kwa macho yako, siyo cha kusikia. Kama kweli Ipyana ameniletea mambo ya Chunya, anaondoka leo. Na nikishajua hilo, najua na wa kumpeleka kule barabarani."

Basi. Kitu alichokiota kilikuwa kimewekwa mezani mbele yake, kilichobaki ni kunyoosha mkono. Severina akaeleza bila kupumua.

"Anachukua punje kila gunia, bosi. Anafumba macho. Anasema na kitu. Halafu anajua! Ule wa baba Mika alisema una maji. Nikautafuna, kweli bosi, una maji, unalala menoni. Ule wa Dastan akasema uko tayari. Nikautafuna, kweli, unakatika safi. Wa Esnath akasema umepita jua, nikautafuna, ukasambaratika wote mdomoni kama..."

Mzee Kalinga aliinua mkono. "Ngoja kwanza. Wa Esnath uliutafuna lini?"

"Kabla haujapanda kwenye mashine."

"Kabla."

"Ndiyo, bosi. Nilikuwa natafuta dawa."

"Ukajua umepita jua."

Severina akaitikia kwa kichwa.

"Na Esnath ulimwambiaje?"

Nje ufagio ulikuwa umenyamaza. Severina alitazama mikono yake.

"Mama Anjela, umeanza lini kutafuna mpunga?"

"Tangu alipokuja yeye. Nilikuwa namchunguza tu, bosi. Kila siku. Nisipomchunguza kila siku nitamkamataje?"

Mzee alimtazama, na macho yale Severina aliyafahamu, kwa sababu yalikuwa yake. Ndivyo yeye alivyomtazama Ipyana misimu miwili.

"Kwa hiyo mko wawili," alisema mzee polepole.

"Hapana, bosi! Mimi nimezoea tu! Sina dawa mimi, meno yenyewe ndiyo yame..."

Akasikia anachokisema. Angekuwa mwingine amekaa kwenye kiti kile anasema maneno yale, yeye Severina asingemwamini hata kwa kiapo.

Mzee Kalinga alikuwa amekulia kwenye mpunga, na polepole uso wake ukabadilika, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokijua zamani. "Marehemu baba alikuwa anang'ata," alisema, siyo kwa Severina hasa. Kisha akasimama. "Niitie Ipyana."

Lakini Ipyana hakuwepo. Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani chini ya dirisha, na koti lake la kazi limetundikwa kwenye msumari, limekunjwa mikono vizuri. Alikuwa amesikia jina lake na mambo ya Chunya vikitajwa katika pumzi moja, na katika nchi hii mtu aliyetajwa uchawi hasubiri mwisho wa kikao. Watu wamechomewa nyumba kwa maneno machache kuliko yale. Alionekana stendi na begi moja, akauliza gari la Mbeya, akapanda.

Severina alipewa mashine ya barabarani. "Sina mwingine mwenye meno," alisema mzee Kalinga, na hakumpigapiga begani.

Kiti kilikuwepo, cha mto mwekundu, na alikikalia siku ya kwanza akakikuta hakina raha aliyoiota. Aliitafuta namba ya Ipyana kwa mafundi wa mashine mpaka akaipata, na siku mbili nzima akaizunguka simu kabla ya kuipiga.

"Nani mwenzangu?" Ipyana aliuliza.

"Mimi Severina. Wa mizani."

"Nani amekupa namba yangu, mama? Sasa unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu, mwanangu. Nimekosa. Ule mpunga wa Esnath ulikuwa umepita jua. Nilijua."

"Najua ulijua," alisema Ipyana. Hakucheka kwanza. "Nilikuwa nakuona, mama, unang'ata nyuma yangu. Ndiyo maana nilikuwa nakuachia gunia wazi, usihangaike na kamba. Nilidhani tunajifunza wote wawili."

Severina aliketi chini, simu ikiwa sikioni. Machozi yakamtoka.

"Ndaga, mama," alisema Ipyana, ndiyo asante ya kwao, na simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa, na baada ya wiki sauti ya mtandao ikawa inamwambia namba hiyo haipo.

Aliendelea kung'ata. Angefanya nini, meno yalikuwa yameshajua, na mchele wa pale barabarani ulianza kusifiwa mpaka Makambako. Lakini wateja wana macho. Walimwona mama mtu mzima, mjane, anafungua magunia asubuhi, anafumba macho, anatia punje mfukoni. Esnath alirudi kukoboa kwake, ila kila akija alikaa juu ya gunia lake mpaka zamu ifike, mkono umeushika mdomo wa gunia, na kicheko chake kikubwa hakukileta. Siku moja Severina aliinama kuokota kalamu akakuta, chini ya mizani mpya, kitambaa kimefungwa fundo. Hakuwa na haja ya kukifungua. Alijua ni chumvi.

Mtu wa mizani sasa alikuwa Joyness, mama wa makamo kutoka Mbeya, mwenye macho yasiyotulia, anayemwamkia Severina shikamoo kwa adabu kisha anasogea hatua nyuma. Severina alimtilia mashaka tangu mwanzo. Alihisi anafuatwa. Asubuhi moja alilegeza kamba, akachota, akang'ata, akasogea, halafu akageuka ghafla ili amfume.

Joyness alikuwa ameinama juu ya gunia lile lile. Punje zilikuwa kiganjani mwake, karibu kabisa na pua, na mkono wa pili ulikuwa kwenye paji la uso, ameanza ishara ya msalaba. Walitazamana. Joyness akabaki vile vile, mkono hewani.

Damu ilimchemka Severina. Maneno yalimjaa mdomoni, yote makali, na mdomoni humo humo kulikuwa na maganda ya mpunga.

Akayatema maganda.

"Usinuse," alisema. "Ng'ata."

Kisha akaenda kwenye gunia lililofuata, akalifungua, akachota punje zake, na alipoondoka akaliacha wazi.